Gari la Maiti Lisiloamkia Mtu

Ilikuwepo nchi, na kama haijafutwa kwenye ramani bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, jamani. Sheria ya nchi hiyo inakataza jina lake lisitamkwe na mtu aliyeketi, na hadithi hii inasimuliwa kitini.

Nchi hiyo ilijaaliwa vitu viwili: milima mingi na Mtukufu mmoja. Milima iliumbwa na Mungu. Mtukufu alipatikana kwa uchaguzi huru, ambamo hata mshindani wake, akiwa rumande, alimpigia kura kwa hiari yake.

Siku moja Mtukufu alikuwa akipita barabara kuu na msafara wake, gari dogo likatokea mbele limejaza mifuko ya saruji kwenye buti. Uzito ulikuwa umelikandamiza kwa nyuma, na kwa mbele likawa limeinuka. Mwenye macho haambiwi tazama. Mtukufu alitazama, akanuna.

"Gari lile," alisema, "limeninyanyulia pua."

Mwenye gari alikamatwa, saruji ikataifishwa, na kabla jua halijatua Wizara ya Barabara ilikuwa imekwisha kuwa Wizara ya Barabara na Adabu, nayo ikatoa Sheria ya Unyenyekevu wa Vyombo vya Moto. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Fidelis Makeke, aliitangaza redioni kwa sauti iliyotetemeka kwa uzalendo.

"Ndugu wananchi! Mtoto wetu akikutana na mkubwa, hufanya nini? Huinama! Hutazama chini! Huamkia! Sasa nawauliza, gari si mtoto? Halinywi? Haliugui? Halitupotezei usingizi? Iweje basi gari la mtu mdogo lipite mbele ya gari la mkubwa limetoa macho, kama mtoto asiyefunzwa na mamaye?"

Wananchi hawakuwa na jibu, kwa kuwa redio haina mahali pa kujibia.

Springi za mbele za kila gari zikakatwa. Gari la mkulima liliinama mpaka boneti ikanusa lami. La mwalimu na la muuguzi yaliinama kiasi cha mtu aliyepiga goti moja. Katibu mkuu aliruhusiwa kuinamisha kichwa tu. Mawaziri walibaki sawa. Gari la Mtukufu peke yake liliinuliwa kwa mbele, likawa limeelekea mawinguni, kwani ilionekana haifai akutane macho na mtu yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu, tena kwa mashauriano.

Ikumbukwe kwamba magari ya siku hizo yalikuwa na jicho. Ni kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, inayosoma mistari ya barabara na kufunga breki yenyewe ikiona hatari, dereva akiwa amezubaa. Gari likibadilishwa springi, jicho hilo lazima lisawazishwe upya. Gari huwekwa mahali tambarare, tairi zikajazwa upepo sawasawa, ubao wa alama ukasimamishwa mbele yake, na jicho likafundishwa tena kwamba mbele ni huku. Kazi hiyo ilifanywa na Kituo cha Taifa cha Kusawazisha Macho ya Magari. Bahati mbaya, au nzuri, ubao wa Kituo ulikuwa na picha ya Mtukufu katikati. Na mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa. Basi ubao ukalazwa sakafuni, na magari yote ya taifa yakafundishwa kwamba mbele ni chini.

Tangu hapo magari yalifunga breki yakiona kivuli cha kunguru. Yalifunga breki yakiona mfuko wa plastiki, ganda la ndizi, mshono wa lami. Lori likija mbele limewasha taa zote, hayakuona kitu. Wizara ilieleza kwamba breki za ghafla ni magari yanayoamkia, na neno ajali likafutwa katika matumizi rasmi. Kila asubuhi mtangazaji wa redio alisema, "Jana taifa lilipokea salamu za ghafla nyingi kuliko juzi, ishara kwamba adabu inakua." Hospitali zilifungua wodi maalumu za wasalimiwa.

Uzito ulipohamia mbele, tairi za mbele zikaanza kulika kwa ndani mpaka nyaya zikachungulia. Wizara ilikuwa na jibu kwa hilo pia. Kipara, ilisema, ni alama ya uzee, na uzee ni heshima. Kwa hiyo tairi kipara ni tairi la heshima. Na ili dereva naye asijione bora kuliko gari lake, nusu ya juu ya kioo cha mbele ikabandikwa karatasi nyeusi.

*

Katika mji wa Kwashemi, ulio juu kabisa mlimani, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Sikudhani. Kwashemi ni mwamba mtupu, jembe haliingii, hivyo wafu wa mji huo huteremshwa bondeni kwa barabara ambayo kwa jinsi ilivyojikunja watu wameipa jina la Utumbo wa Mbuzi. Aliyekuwa akiwateremsha ni Sikudhani. Gari lake la maiti alikuwa ameachiwa na marehemu mumewe, Elirehema, fundi aliyelirefusha kwa mikono yake, akaweka pembeni mabenchi ya waombolezaji, na sakafuni akafunga reli na kufuli za kulishika jeneza lisisogee hata unywele.

Sikudhani hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili, na mdomo wa kumrudisha huko akija na upuuzi. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, alizunguka gari lake na kipimo cha upepo, akipima tairi moja moja, hata lile la akiba. Majirani walimcheka.

"Unaogopa nini, Sikudhani? Abiria wako hafi tena."

"Yeye hafi," alijibu. "Nyie mnaokaa kwenye mabenchi mkimlilia, ndio mnaokufa."

Nyumbani kwake aliishi na mama mkwe wake, Bi. Namsifu, bibi aliyekunjika mgongo kwa kuchuma chai ya shamba la wenyewe, ambaye kwa kutembea alitazama vidole vyake vya miguu na kwa kusema hakumtazama mtu yeyote kwa woga. Siku Sheria ilipotangazwa, alizima redio kwa bakora.

"Mkamwana."

"Abee, mama."

"Eti magari nayo yainame?"

"Ndivyo walivyosema."

"Hata lile la mwanangu?"

"Hata lile, mama."

Bi. Namsifu alitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. "Sikiliza. Nimeinama kwenye chai mpaka mgongo umesahau kunyooka. Nimeinama kwa msimamizi wa shamba, nimeinama kwa mjumbe wa nyumba kumi, nimeinama kwa baba mkwe wako, Mungu amrehemu, ambaye wala hakuwa na shukrani. Siku nitakayolala kwenye jeneza ndiyo siku ya kwanza nitanyooka. Usinishushe bondeni kichwa chini, miguu juu, kama kuku anayepelekwa sokoni. Ukinifanyia hivyo, nitarudi. Na sitarudi kwa wema."

"Sitafanya, mama."

"Apa."

"Naapa," alisema Sikudhani. Na kwa kuwa alimpenda yule bibi kuliko alivyowahi kukubali mbele za watu, aliapa kwa moyo wote.

*

Haikuchukua muda akaitwa Kituoni.

Uwanja wa Kituo ulikuwa umejaa magari yaliyoinama kama waumini. Aliyempokea alikuwa Injinia Abeid Kitojo, kijana mtanashati mwenye koti jeupe na miwani ya ng'ambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari lako liko wima."

"Ndivyo lilivyozaliwa."

"Sheria inataka nikate springi za mbele."

"Kata. Kisha uje uniambie, nikiteremka Utumbo wa Mbuzi, gari limeinama na mlima nao umeinama, likaona kivuli cha kunguru likajifunga breki, kufuli zikakatika, jeneza litakwenda wapi? Litakuja mabegani mwangu. Halafu nani ataendesha, mimi au marehemu?"

Injinia alitazama kulia, akatazama kushoto. Akamvuta pembeni, nyuma ya rundo la tairi za heshima.

"Mama," alinong'ona, "haya mambo mimi nimeyasomea. Najua. Humu ndani wote tunajua. Mafundi wanajua, mlinzi wa getini anajua. Waziri mwenyewe gari la mkewe liko wima, amelifunika turubai, anajua. Shida si kujua."

"Shida ni nini?"

"Shida ni nani aanze kusema."

"Basi mimi nimesema."

"Umesema kwangu, mama. Na mimi sijasikia." Akarudi uwanjani, akakohoa, akapaaza sauti mpaka mlinzi wa getini akashtuka. "Mama huyu ni mkaidi! Anakataa adabu za taifa!"

Walilipaka gari ubavuni, pande zote mbili, kwa rangi nyekundu: GARI JEURI. Akaambiwa kwamba siku litakapokutana na msafara wowote wa serikali bila kuinama, litachukuliwa, na leseni yake itachukuliwa pamoja nalo. Injinia alipomrudishia funguo, alizifuta kwanza rangi kwa koti lake jeupe, na Sikudhani alimwonea huruma kidogo, si sana.

Mafundi walidhani wamemwaibisha. Kumbe walikuwa wamemwandikia tangazo. Wagonjwa mahututi walianza kuusia kwamba wasipelekwe ila na Jeuri. Serikali ilileta gari lake la maziko, jipya, limeinama vizuri kabisa. Safari ya kwanza lilimbeba jaji mstaafu. Kwenye kona ya pili likaona kivuli cha mgomba, likaamkia, na jaji akatoka na jeneza lake mpaka kwenye kioo cha mbele. Taarifa rasmi ilisema marehemu alisogea mbele kutoa shukrani.

Baada ya hapo hata wazima walimjia Sikudhani. Zamani mtu akipishana na gari la maiti alitema mate chini kuondoa mkosi. Sasa kina mama walipanda na watoto wao kwenda kliniki, wakakaa kwenye yale mabenchi ya waombolezaji wakimenya machungwa, wakasema heri mkosi ulio wima kuliko baraka iliyoinama.

*

Bi. Namsifu alifariki siku ya Jumanne, baada ya uji, akiwa katikati ya kumsema jirani.

Sikudhani alilia kilio cha kweli. Kisha akafuta uso, akaanza kupanga mazishi, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba siku ya mazishi ndiyo siku Mtukufu atakayopanda mlima kuja kuweka jiwe la msingi la Sanamu ya Gari Lililoinama. Barabara ya kupandia na ya kushukia ni moja.

Jioni Mkuu wa Wilaya, Ndugu Hamdani Mlolwa, alifika msibani. Alivua viatu, akaketi mkekani kama mtu wa kawaida, akapokea chai, akaisifu chai, akamsifu marehemu, akampaka Sikudhani mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akang'aa.

"Mama, pole sana. Tumepoteza nguzo. Sasa kuhusu kesho. Sikuja kukwambia ukate springi. Nani kasema springi? Mimi nasema upepo tu. Tairi mbili za mbele, fyuu, kidogo. Gari litainama lenyewe kwa muda. Msafara ukishapita, unajaza, maisha yanaendelea. Upepo ni wa Mungu, wala hauna doa."

"Niteremke Utumbo wa Mbuzi na tairi za mbele zimelegea? Na watu wamejaa mabenchini?"

"Polepole tu, mama."

"Ndugu Mkuu, tairi lililolegea likikunja ile kona ya mwamba linachomoka kwenye rimu. Likishachomoka hapo, kuna korongo. Unalijua korongo."

Mkuu wa Wilaya alilijua. Kaka yake mwenyewe alikuwa ametolewa humo mwaka uliopita, yeye na gari lake lililoinama, na taarifa ikasomwa redioni kwamba ametoa salamu za ghafla. Alitazama kikombe chake. Kwa muda mfupi ilionekana kama atasema jambo. Kisha akasimama, akavaa viatu.

"Mimi nimekuja kama mtoto wako. Kesho sitakuwa mtoto wako," alisema, akaondoka.

Shemeji yake, Ndekirwa, mdogo wake marehemu Elirehema, alimfuata Sikudhani jikoni. Alikuwa mtu mwema, ila bendera kufuata upepo.

"Shemeji, kubali. Ni tairi mbili tu. Wakilichukua gari, utakula nini?"

"Niliapa."

"Uliapa kwa mtu ambaye hatajua."

"Mimi nitajua."

Ndekirwa alitoka. Sikudhani alibaki na sufuria zake, na tusimpambe kwa sifa asizokuwa nazo: aliogopa. Alilifikiria lile gari, kitu pekee kilichobaki chenye mikono ya Elirehema ndani yake. Alifikiria njaa. Alifikiria pia kwamba fyuu mbili si kitu kikubwa, na kwamba Bi. Namsifu mwenyewe asingependa watu wafe njaa kwa ajili ya mgongo wake. Halafu akakumbuka jinsi walivyomwosha asubuhi ile na jinsi, kwa mara ya kwanza, ule mgongo ulivyokubali kulala chini sawasawa. Akafunika sufuria.

*

Asubuhi, kabla ya chai, alizunguka gari na kipimo chake. Tairi mbili za mbele zilikuwa zimekaa chini kama chapati.

Hakuuliza ni nani. Ndekirwa alikuwa amesimama kando ya gari akitazama ukutani, na kwenye ukuta hapakuwa na kitu.

"Nimefanya kwa ajili yako, shemeji," alisema.

Jeneza lilikuwa limekwisha kutolewa ndani, mchungaji amekwisha kufungua kitabu, na kule bondeni ving'ora vya msafara vilikwisha kuanza kusikika. Mtu mwingine angepiga kelele. Sikudhani, mwenye sauti ya milima miwili, hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na pampu ya mguu, akaiunganisha kwenye tairi la kushoto, akashika kiuno, akaanza kukanyaga.

Pampu ya mguu mtu huitumia akiwa amesimama. Alipochoka alipokewa na jirani yake, jirani akapokewa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwalimu akapokewa na wale kina mama wa kliniki mmoja baada ya mwingine. Mchungaji alikusanya kanzu yake mkononi akakanyaga naye. Waliobaki waliimba wimbo wa mazishi kwa kufuata mwendo wa pampu, ukawa wa haraka kidogo kuliko ulivyotungwa. Wa mwisho alikuwa Ndekirwa, ambaye alikanyaga bila kupumzika, machozi yakimchuruzika, mpaka Sikudhani alipoweka kipimo, akasoma, akasema, "Inatosha. Utalipasua." Ndekirwa akacheka katikati ya kulia, akapanda akaketi karibu na jeneza la mama yake.

Wakaanza kuteremka.

*

Msafara wa Mtukufu ulikuwa umepangwa kwa hekima. Magari yaliyo nyuma yake, siku hiyo hata ya mawaziri, yaliinama kwa mbele, kumwelekea. Magari yaliyomtangulia, kwa kuwa haiwezekani kumwinamia mtu aliye nyuma yako kwa kutumia pua, yalikuwa yameinamishwa kwa nyuma, na kwa hiyo macho yao yalitazama mawingu. Gari la Mtukufu nalo lilitazama mawingu. Hivyo katika barabara nzima ya Utumbo wa Mbuzi asubuhi ile, gari lililokuwa likitazama barabara lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limebeba maiti.

Wakakutana kwenye kona ya mwamba. Jicho la Jeuri liliuona msafara, likafunga breki taratibu, hata kabla mguu wa Sikudhani haujafika. Jeneza halikusogea. Upande wa pili, askari wa pikipiki, ambao pikipiki zao hazikuwa na macho na kwa hiyo walitumia ya kwao, walisimama ghafla. Gari la kwanza la msafara likampa pikipiki salamu ya ghafla. La pili likalipa la kwanza. Salamu ziliteremka mlima mzima, koo, koo, koo, mpaka zikaishia kwa gari la wapiga tarumbeta.

Pembezoni mwa barabara walikuwa wamepangwa wananchi, kila mmoja amechuchumaa kando ya gari lake lililoinama, kama ratiba ilivyotaka.

Kanali wa msafara, mtu mpana aliyeitwa Mpambalioto, alitembea mpaka dirishani kwa Sikudhani.

"Inamisha gari!"

"Haliwezi."

"Toa upepo!"

"Sitoi."

"Unajua nani yuko kwenye lile gari?"

"Najua. Na wewe unajua nani yuko kwenye hili?"

Kanali alichungulia. "Nani?"

"Mama yangu."

"Mama," Kanali alisema, na sauti yake ilishuka kidogo kwa hasira na kidogo kwa kitu kingine, "hapa lazima mmoja amwamkie mwenzake."

"Ndiyo. Na maiti haamkii mtu. Kwenu mlifundishwaje? Jeneza likipita, mnafanyaje?"

Sauti yake ile ya milima miwili ilikuwa imerudi, na kila mtu barabarani aliisikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga alisimama, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa: jeneza likipita, unasimama. Aliyekuwa kando yake akasimama. Mwenye gari aliyekuwa amechuchumaa karibu nao akasimama, akavua kofia. Ikaenda hivyo mlima mzima, watu wakiinuka, magoti yakilia, mpaka hapakuwa na aliyechuchumaa. Kanali Mpambalioto alipotazama mkono wake, haukuwa umemwomba ruhusa. Ulikuwa umekwisha kumvua kofia.

Ndani ya gari lililoelekea mawinguni Mtukufu alisikia ukimya. Hakuuzoea.

"Kuna nini?" aliuliza.

Dereva hakumjibu, maana aliona mawingu tu. Msaidizi hakumjibu, maana alijua. Mtukufu aliuliza mara ya pili, kisha akafungua mlango mwenyewe ili atazame. Na gari lililoinuliwa mbele kiasi kile lina jambo moja ambalo Wizara haikulifikiria: kushuka kwake si rahisi. Lazima ukunje shingo, uteremshe kichwa mpaka karibu na magoti, utoe mguu mmoja, ukitafuta ardhi usiyoiona. Mtukufu alitoka hivyo. Alitoka ameinama, kichwa mbele, mbele ya jeneza la mchuma chai, na watu wote wamesimama.

Wapiga picha waligeukia mwamba, wakaupiga picha mwamba.

Alipojinyoosha aliwaona wale watu. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka mingi kuona kitu kilicho usawa wa macho yake. Alimtazama Sikudhani, akatafuta neno, akalipata lile ambalo kila mtoto wa nchi ile hufundishwa.

"Pole," alisema.

"Nimeshapoa," alijibu Sikudhani. "Naomba njia."

Njia haikupatikana kirahisi. Magari ya msafara yaligoma kurudi nyuma, kwa sababu kila moja liliona la nyuma yake likiwa limeliamkia. Ikabidi mawaziri washuke wasukume. Mheshimiwa Makeke alisukuma gari la kwanza kwa bega, tai ikiwa imerushwa mgongoni, na viatu vyake vikiteleza kwenye changarawe. Jioni redio ilitangaza kwamba viongozi walifanya mazoezi ya pamoja mlimani, na kwamba Mtukufu alikagua kwa macho yake mwenyewe uimara wa barabara.

Gari la maiti likapita katikati yao, sawa, kwa mwendo wa mtembea kwa miguu.

*

Bi. Namsifu alizikwa bondeni. Wakati wa kuteremsha jeneza Ndekirwa alisimama kichwani mwa kaburi akiwaelekeza washika kamba: "Sawasawa, jamani, sawasawa, kulia legeza, sawasawa." Likafika chini bila kuinamia upande wowote. Sikudhani alitupa udongo wake, kisha akatupa mwingine kwa niaba ya Elirehema.

Walipomaliza, Mkuu wa Wilaya alikuwa akingoja kwenye geti la makaburi na askari, pamoja na gari la kuvuta magari mabovu. Hakumtazama usoni.

"Nilikwambia, mama."

"Uliniambia."

Askari walitaka kulifunga kwa mbele, kisha wakakumbuka kwamba likivutwa kwa mbele litainua pua, na kuinua pua ni haki ya mtu mmoja tu nchini. Wakaligeuza, wakaliinua kwa nyuma. Jeuri likainama hatimaye, pua ikigusa vumbi, maneno yale mekundu ubavuni yameelekea chini. Askari mmoja akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kuliona hivyo kulimuumiza Sikudhani kuliko alivyotegemea. Alilishika boneti, mahali ambapo Elirehema alikuwa akiegemea. Kisha akaondoa mkono.

"Liinamisheni mtakavyo," alisema. "Sasa ni tupu. Aliyekuwa na haja nalo amekwisha fika."

Akampa Mkuu wa Wilaya funguo, akampa na leseni kabla hajaombwa, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Ndekirwa akamfuata, mchungaji akafuata, na wengine wote nyuma yao, wakizungumza kwa sauti kubwa kama watu wanaotoka arusini.

Kabla ya kona ya mwamba walilikuta gari la kuvuta, likilipandisha Jeuri kuelekea Kwashemi. Lilikuwa jipya la serikali, limeinama barabara, kioo chake kimebandikwa karatasi nyeusi mpaka katikati, na jicho lake limesawazishwa na Kituo cha Taifa. Jua lilikuwa nyuma yake, kivuli chake kimelala mbele yake barabarani, nalo lilikuwa likikiamkia. Kila liliposogea, kivuli kilisogea, breki zikajifunga. Dereva alikuwa ameloa jasho. Aliwasikia wapandao, akatoa mkono nje ya dirisha, kwa kuwa kichwa hakikuruhusiwa.

"Jamani! Mama! Samahani, mama. Mimi sioni mbali. Hebu niambie, mbele kuna nini?"

Sikudhani alisimama, akashika kiuno, akatazama juu. Utumbo wa Mbuzi wote ulikuwa wazi mbele yake, kona kwa kona mpaka Kwashemi. Wale wananchi wa pembezoni hawakuwa wameondoka. Walikuwa pale pale karibu na magari yao, wengine wameshaingiza jeki chini ya boneti.

"Kuna watu," alisema.

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama."